Je, Mama Amepoteza Wokovu?

Somo: 2 Samweli 19:31-39, Isaya 46:1-4

Mliokuwa ibada ya pili mnajua saa iliniisha kabla somo halijaisha. Hapa nimeweka yale niliyosema, pamoja na mengine ambayo sikupata nafasi ya kuyafikia.

Kwenye lile sanduku la maswali pale mlangoni, swali ambalo limerudi sana mwaka huu si la ndoa wala la pesa. Ni la wazazi. Karatasi moja haikuwa na jina, ila swali lilikuwa wazi kabisa. Mama ameokoka miaka mingi, amelea watoto kwa maombi, amefundisha Shule ya Jumapili. Sasa ameanza kusahau, na si kusahau tu, ameanza kutukana. Akiambiwa tuombe, anauliza tuombe nani. Mtoto wake anataka kujua: akifa hivi, ataenda wapi?

Nitajibu. Lakini kwanza tuangalie kitu chenyewe kinachompata huyo mama, kwa sababu sisi watu wa Roho tuna haraka ya kukemea kitu kabla hatujakiangalia.

Fungueni 2 Samweli 19. Kuna mzee anaitwa Barzilai, Mgileadi kutoka Rogelimu. Daudi alipomkimbia Absalomu, mwanawe mwenyewe, huyu mzee na wenzake ndio walimletea vitanda, vyungu, unga, maharagwe, asali, kondoo. Soma sura ya 17 mwishoni uone orodha yenyewe, ni kama harambee nzima. Sasa vita vimekwisha, mfalme anarudi Yerusalemu, anamwambia Barzilai twende ukae kwangu nikutunze. Mzee anakataa. Anamwambia mfalme ana miaka 80. Hawezi tena kutofautisha jema na baya. Anakula na kunywa wala hasikii ladha. Sauti za waimbaji hazimfikii vizuri. Kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Aachwe arudi akafie mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake.

Nimesikia somo hili likihubiriwa kama mfano wa unyenyekevu. Sawa. Lakini sikiliza tena maneno yake kama mtu anayeishi na mzee nyumbani. Chakula hakina ladha. Nyimbo hazina raha. Uamuzi unachanganya. Anajiona mzigo. Anataka kwao, anazungumza juu ya kaburi. Siwezi kumpima mzee wa miaka 3,000 iliyopita, na wala sisemi Barzilai alikuwa mgonjwa. Nasema Biblia haikuona aibu kuandika vile uzee unavyojisikia kutoka ndani, na ikamwachia mzee mwenyewe aseme. Kwetu mara nyingi mzee hasemi. Tunasema kwa niaba yake, tena akiwa ameketi hapo hapo.

Sasa tuseme juu ya ugonjwa. Kuzeeka na kusahau mahali umeweka miwani si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mtu anaposahau miwani ni ya nini. Kuna magonjwa ya ubongo yanayokula kumbukumbu polepole, kwa miaka, na lile linalojulikana zaidi limepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyelieleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Mgonjwa wake alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu. Na unajua mambo ya kwanza yaliyoonekana kwake ni gani? Wivu. Alianza kumshuku mume wake. Watu wa nyumba hiyo waliona tabia imebadilika kabla hawajaelewa kwamba kumbukumbu inaondoka.

Hili ndilo tunalolikosa. Tunadhani ugonjwa huu ni wa kusahau peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi nao, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Wengi wao hawasahau tu. Wanaingiwa na huzuni nzito. Wanaogopa jioni ikifika. Wanasema msichana wa kazi ameiba leso, kumbe leso iko chini ya godoro, ameificha mwenyewe akasahau. Wanaona watu chumbani ambao wewe huwaoni. Mzee mpole anageuka mkali, na mzee mkali anageuka mpole hadi watoto wanaogopa. Akili ikipoteza kumbukumbu, inaanza kujaza mapengo kwa kubahatisha. Mtu aliyekosa kitu chake na hakumbuki kukihamisha, atasema nini zaidi ya kwamba kimeibwa? Kwake hilo si uongo. Ndiyo maelezo pekee aliyobaki nayo.

Na wazee wetu wana mambo yao ya kujazia hayo mapengo. Wengi wa hapa Kiambu na Murang'a walikuwa watoto wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952. Kuanzia 1954 walihamishwa kwa nguvu wakaingizwa kwenye vile vijiji vilivyozungushiwa handaki, na kulikuwa na kafyu. Shosho akianza kulia saa kumi na mbili jioni kwamba funga mlango, zima moto, wanakuja, kabla hujaita watu wa maombezi muulize ni akina nani wanaokuja. Anaweza kuwa amerudi kijijini akiwa na miaka 10. Anachohitaji ni mkono wako na mlango ufungwe kweli aone umefungwa.

Kuna pia mambo ya lugha. Ugonjwa huu mara nyingi huchukua kwanza yale mtu aliyojifunza ukubwani, na hubakisha ya utotoni. Mzee aliyeongea Kiswahili na Kiingereza kazini miaka 30 anarudi kwa Kikuyu peke yake, au Kikamba, au Kijaluo. Sasa umemwajiri msichana mzuri, mcha Mungu, kutoka upande mwingine wa nchi, na hasikii neno hata moja la mzee. Halafu tunasema mzee amekuwa mkorofi. Ni nani hangekuwa mkorofi?

Nataka niseme jambo la haraka-haraka ambalo linaweza kuokoa maisha. Kuna kuchanganyikiwa kunakokuja kwa miaka, na kuna kunakokuja kwa siku moja au mbili. Juzi mzee alikuwa anakujua, leo hakujui, analala mchana, anaweweseka usiku. Hilo halisubiri Jumapili. Linaweza kuwa maambukizi ya mkojo, nimonia, ukosefu wa maji mwilini, sukari imeshuka, au dawa mpya aliyopewa. Hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje tumalize mfungo.

Halafu kuna huzuni inayojifanya kama kusahau. Mzee amefiwa na mke, ameletwa Ruiru kutoka shags, amewekwa ghorofa ya nne kwenye ploti ambapo hajui jirani na hakuna mahali pa kuweka jembe. Baada ya miezi michache hali chakula, hajibu, ukimwuliza kitu anasema sijui. Familia inasema ni uzee. Inaweza kuwa ni msongo wa moyo, na huo una matibabu, hata kwa mtu wa miaka 85. Inaweza pia kuwa yote mawili, maana huzuni na kupoteza kumbukumbu hutembea pamoja mara nyingi. Daktari ndiye wa kutenganisha, si mimi na si wewe. Kuna wengine ambao tatizo ni tezi ya shingoni, au upungufu wa vitamini B12, na hilo linaweza kumpata hata aliyetumia dawa ya sukari ya metformin miaka mingi. Kuna wengine hawasikii tu vizuri. Nta imejaa sikioni. Unapeleka mtu kwa nabii na shida iko sikioni.

Anzia hospitali iliyo karibu nawe. Thika tuko na Level 5, Ruiru iko na hospitali yake, na barabara hii hii ya Thika ukishuka kuelekea mjini kuna Mathari. Najua, nikitaja Mathari kuna watu wanacheka. Ile hospitali ilianza 1910, wakati wa mkoloni, na hadi leo jina lake tunalitumia kama tusi. Tumetukana nalo kiasi kwamba mtu akiwa mgonjwa anaona afadhali afie nyumbani kuliko kuonekana akiingia lango lile. Kanisa, hilo tusi tuliache. Wale wanaofanya kazi mle ndani wanafanya kazi ya huruma.

Sasa upande wetu. Mimi ni Mpentekoste, naamini uponyaji, naamini mapepo yapo, na nimeona watu wakifunguliwa. Kwa hivyo mnisikie vizuri. Si kila anayeona mtu ambaye humwoni ana pepo. Na tunapokosea hapa, hatukosei kidogo. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliosema ni wachawi. Kilifi, kwa miaka mingi sasa, wazee wanauawa kwa shutuma hizo hizo, na kuna wazee waliolazimika kukimbilia Kaya Godoma kule Ganze ili waokoke. Sijui kila mmoja wao alikuwa na hali gani, na mengine ni tamaa ya shamba tu. Lakini fikiria: shosho anayetembea usiku hajui anakokwenda, anayeongea peke yake, aliyevaa nguo nyuma mbele, anayepatikana kwenye boma la mwingine alfajiri. Kijiji kisichojua ugonjwa huu kitamwita nani?

Tusiseme hiyo ni Kisii na Kilifi. Hapa kwetu hatuchomi mtu. Tunafanya la kistaarabu zaidi: tunasema mama amefungua mlango kwa adui. Tunamweka katikati ya watu kumi wanaopiga kelele, na mtu ambaye ubongo wake tayari hauwezi kuchuja sauti anaogopa, anapigana, na sisi tunasema, mmeona, pepo limejitokeza. Tunamsukuma aanguke. Mifupa ya mama wa miaka 78 ni kama kuni kavu. Nyonga ikivunjika hapo, wengi hawasimami tena. Tunamfungisha na ana sukari. Tunamwambia aache dawa za presha kama ishara ya imani. Katika kanisa hili, tumeshakubaliana na mchungaji mkuu na timu ya maombezi: mzee anaombewa akiwa ameketi, watu wasizidi watatu, kwa sauti ya chini, kwa lugha yake, na hakuna anayeambiwa aache dawa. Ukiona mtu wetu anafanya kinyume, niambie.

Na kama ukiombea hivyo na Mungu akaponya, tutashuhudia hapa mbele na kipimo cha daktari mkononi. Utukufu wa Mungu hauogopi kipimo.

Jambo dogo kuhusu kemisti. Mtu amechoka, mzee hajalala siku tatu, anaenda kununua Piriton ili alale. Naelewa. Lakini dawa za aina hiyo zinaweza kumzidishia mzee kuchanganyikiwa, na akiamka usiku anaanguka. Hata zile dawa za kutuliza akili zinazoandikwa na daktari zina hatari zake kwa wazee wenye ugonjwa huu, kwa hivyo ziandikwe na anayejua, kwa muda, na arudi akaangaliwe.

Sasa lile swali. Mama anatukana, hajui Baba Yetu. Wokovu wake uko wapi?

Wengi wetu tumefundishwa wokovu kama kitu tunachokishikilia. Shikilia sana ulicho nacho, usije ukapoteza. Hilo ni kweli kwa mtu anayeweza kushika. Lakini nenda Isaya 46. Sura inaanza na miungu ya Babeli, Beli na Nebo. Wamepakiwa juu ya punda na ng'ombe, wanyama wamechoka, mzigo umewaelemea. Hiyo ni miungu inayobebwa na watu wake. Watu wakichoka, mungu anaanguka. Halafu kuanzia aya ya 3 Bwana anazungumza na Israeli, na anageuza jambo lote. Yeye ndiye aliyewabeba, tangu tumboni. Na anasema hata wakizeeka, hata wakiwa na mvi, yeye hatabadilika, na ataendelea kubeba. Mkumbuke anasema haya kwa watu wenye mvi. Mvi zimetajwa hapo kwa sababu. Anajua kuna umri mtu anafika ambapo hawezi tena kubeba chochote, hata Mungu wake hawezi kumbeba kichwani.

Wokovu unaotegemea kumbukumbu ya mama ungekuwa dini ya Beli. Mama akichoka, mungu anaanguka.

Niwape mfano wa kazi niliyosomea. Mzee ameweka akiba SACCO miaka 40. Leo amepoteza kadi, amesahau namba ya siri, hata jina la hiyo SACCO halikumbuki, na ukimwuliza atakuambia hajawahi kuwa na shilingi. Je, pesa imepotea? Pesa iko. Rekodi haikuwekwa kichwani mwake. Iliwekwa na yule aliyepokea. Paulo anamwambia Timotheo, katika barua ya pili, sura ya 2 aya ya 19, kwamba msingi wa Mungu una mhuri, na huo mhuri ni kwamba Bwana anawajua walio wake. Na kwa Wagalatia 4:9 anaanza kusema kwamba wao wamemjua Mungu, kisha anajirekebisha hapo hapo: afadhali kusema wamejulikana na Mungu. Napenda vile anajirekebisha.

Mtu atasema, mchungaji, na matusi? Mungu atahukumuje matusi ya mama? Nami nakuuliza, ukiwa mtoto wa miaka miwili na homa kali ukamwuma mama yako mkono, alikufukuza nyumbani? Ubongo una sehemu inayozuia maneno yasitoke. Sehemu hiyo ikiharibika, yanatoka yale ambayo kila mmoja wetu ameyasikia njiani, yakiwemo ambayo mtu hakuwahi kuyasema maishani. Usimwone mama kama mnafiki aliyefichuliwa mwishoni. Miaka yake 50 ya maombi ilikuwa ya kweli. Hata sasa, jaribu kumwimbia zile nyimbo za zamani za Kikuyu alizoimba akiwa msichana. Mara nyingi muziki hubaki baada ya mengi kuondoka. Asiyekumbuka jina lako anaweza kuimba beti zote. Na siku ambayo hata wimbo haupo, Warumi 8:26 inatuambia kuna Roho anayeomba ndani yetu pale ambapo sisi hatujui kuomba, bila maneno. Tunajivunia andiko hilo tukinena kwa lugha. Mimi naona linamfaa zaidi mama aliyelala Makongeni akitazama ukuta.

Kwa hivyo jibu langu kwa aliyeandika ile karatasi: mama yako hajapotea. Ameshikwa. Unaweza kulala.

Najua hulali, lakini. Na hapa ndipo lazima niseme kitu ambacho wazee wa kanisa walinitazama kwa macho makubwa nilipokisema. Marko 7, kuanzia aya ya 9. Yesu anawakemea watu waliokuwa na njia safi kabisa ya kidini ya kutowasaidia wazazi: mtu anasema mali hii nimeiweka wakfu kwa Mungu, Korbani, basi baba na mama hawawezi tena kuipata. Yesu anasema wanalifuta neno la Mungu kwa mapokeo yao. Sasa tuweke hesabu mezani. Nepi za watu wazima si bei rahisi, na zinahitajika kila siku. Dawa. Anayekaa naye lazima alipwe. Serikali kupitia Inua Jamii inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70, na kuna nyumba ambapo hata hiyo haimfikii mzee. Wewe umeahidi hapa elfu 30 za paa la kanisa, na mama yako Gatundu analala kwenye godoro lenye maji. Ndugu, paa lingoje. Njoo ofisini, tutaandika upya ahadi yako bila maswali. Paulo anasema katika 1 Timotheo 5:4 watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwalipa wazazi wao. Neno ni kwanza. Na kesha pia. Kama wewe ndiye unayemgeuza baba kitandani usiku, hilo ndilo kesha lako, umehudhuria.

Maana katika kila familia nimeona jambo moja. Kuna kikundi cha WhatsApp chenye watoto saba. Watano wanatuma emoji ya maombi. Mmoja anatuma M-Pesa na ushauri kutoka ng'ambo. Na kuna mmoja, kwa kawaida binti ambaye hajaolewa au aliyerudi nyumbani, ndiye anaosha. Huyo ndiye anayetukanwa. Huyo ndiye anayeitwa mwizi. Halafu wale sita wakija Krismasi, mzee anatabasamu anakuwa sawa kwa masaa mawili, na wanasema, mbona unatuambia ni mgonjwa? Huyo binti anaingia kwenye huzuni yake mwenyewe na hakuna anayeona. Wengine wanafikia kumpiga mzee. Nasema hivi kwa sababu kuna anayesoma ambaye amefika hapo au yuko karibu. Toka nje ya chumba, fungia, piga simu kwa mtu. Mungu hakukupa kazi ya watu saba ukaifanye peke yako.

Isaka naye ametajwa kwenye Mwanzo 27 kwa sababu tunahitaji kumtazama. Macho yamefifia, na watu wa nyumba yake mwenyewe wanapanga: nguo za mkubwa, ngozi ya mbuzi mkononi, chakula anachokipenda. Anashuku, anauliza mara kadhaa, mwishowe anabariki. Unajua kwa nini hadithi hii inanikaa? Kwa sababu ya bei ya ardhi kuanzia Ruiru hadi Thika tangu barabara kuu ikamilike 2012. Robo eka ambayo guka alipanda mahindi sasa ni ghorofa saba. Mzee asiyejua leo ni siku gani anapelekwa nyama choma, anawekwa kidole kwenye wino. Makubaliano ya mtu asiyeelewa anachotia sahihi yanaweza kupingwa mahakamani, lakini uliza wanaojua: kesi ya shamba inaweza kumaliza maisha mawili. Afadhali mapema. Daktari akishasema ugonjwa umeanza, familia yote ikae chini mzee angali anaweza kusema anataka nini, wamwone wakili, na kama kuna hofu waulize ofisi ya ardhi kuhusu kuweka kizuizi kwenye hati. Katiba yetu kifungu cha 57 inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali. Kama wewe ndiye umepanga ile nyama choma, mimi sitakuhubiria zaidi. Umesoma Mwanzo 27, unajua Yakobo alidanganywa na nani baadaye, na kwa nguo ya nani.

Mambo machache ya nyumbani. Usibishane na mzee. Akisema anataka kwenda nyumbani na yuko nyumbani, usimwambie uko nyumbani. Mwambie nisimulie kule nyumbani kulikuwaje. Mshike mkono, mtembee kidogo. Hasa Ruiru na Juja, ninyi mnaoishi karibu na barabara kuu: magari hayamngoji, na yeye anakumbuka barabara ya njia mbili ya zamani. Geti lifungwe, na mfukoni mwake kuwe na karatasi yenye namba yako ya simu. Waambie watu wa boda wa stage yenu wamjue kwa sura. Watu wa boda wamerudisha wazee wengi nyumbani kuliko tunavyowashukuru.

Na sisi vijana wa miaka 30 na 40, tupime presha. Jarida la Lancet lilitoa ripoti mwaka 2024 kwamba karibu nusu ya visa vya ugonjwa huu duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa maishani, yakiwemo presha, sukari, sigara, pombe nyingi, kutosikia, upweke na huzuni isiyotibiwa. Baada ya ibada wauguzi wetu wana mashine ya presha pale kwenye tenti. Ni bure na ni dakika mbili.

Mwisho ni tangazo, na nisingependa mtu alipite. Kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi saa nane mchana hadi saa kumi na moja, watu wawili kutoka kanisani watakaa na mzee nyumbani kwake ili anayemtunza atoke. Aende sokoni, aende saluni, alale kwa jirani, si kazi yetu kumwuliza. Tumeshapata nyumba sita Thika na nne Ruiru. Wanaotaka kusaidia waandike majina kwa meza ya idara ya huruma, na waandike lugha wanazosikia, kwa sababu nyumba mbili zinahitaji mtu wa Kikamba na moja mtu wa Kimeru. Mtafundishwa kwanza Jumamosi mbili. Mkienda, msiende na mahubiri. Ile nyumba ya Kihunguro iko ghorofa ya tatu na hakuna kengele, kwa hivyo mpige simu mkiwa chini.